Zama za Fundi Bodi

Kabla ya lami, barabara ya kutoka Dodoma kwenda Manyoni ilikuwa ikitafuna magari. Kintinku iko sakafuni mwa Bonde la Ufa, ukishaipita Bahi na kabla hujaanza kuupanda mlima wa Saranda. Kiangazi dereva alipambana na vumbi na mchanga. Masika alipambana na tope la mbuga, lile linalonata mpaka likajaa kati ya tairi na bodi na gari likagoma kwenda mbele. Treni haikuwa na shida hiyo. Wajerumani waliifikisha Reli ya Kati Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na tangu hapo mabehewa yamepita Kintinku yakiwa na umbo lilelile yaliyotoka nalo karakana. Gari ndilo lililolazimika kubadilika.

Na lilibadilika. Springi ziliongezwa majani mawili matatu ili tumbo la gari lisikwaruze mawe. Bamba la chuma lilifungwa chini ya injini kulinda sampo. Keria iliwekwa juu, na juu ya keria madumu ya petroli na maji, tairi la akiba, sururu na koleo. Mbele zilifungwa nondo au mabomba, maana usiku ng'ombe wa Wagogo hawakuwa na desturi ya kumpisha mtu. Gari likishafanyiwa yote hayo, halikufanana tena na picha yake ya kiwandani.

Wapenzi wa magari duniani huiheshimu kazi ya namna hiyo pale inapofanywa California. Mwaka 1964 Bruce Meyers, fundi mashua na mchezaji wa mawimbi, alilichukua Volkswagen la kawaida, lile la mgongo wa duara, akaachana na bodi yake ya chuma na kubuni nyingine ya faibaglasi, wazi juu, yenye fenda zilizonyanyuka. Akaliita Meyers Manx. Wateja walionunua bodi hiyo walikata sakafu ya Volkswagen na kuifupisha kwa karibu sentimita 37, wakafunga matairi mapana nyuma, na gari likawa linapanda vilima vya mchanga bila kuzama. Mwaka 1967 Meyers na Ted Mangels walivuka rasi ya Baja, Mexico, kutoka La Paz hadi Tijuana kwa saa 34 na dakika 45, na baadaye mwaka huohuo gari la aina hiyo likashinda mashindano ya kwanza ya Mexican 1000. Mwaka uliofuata Steve McQueen aliliendesha ufukweni katika filamu ya The Thomas Crown Affair. Kisha vijana wakapagawa: rangi zenye chembe za metali zinazomeremeta, mabomba ya moshi yaliyosimama wima nyuma, taa juu ya vijiti, viti vya manyoya. Waigaji wakawa wengi kuliko mwanzilishi. Meyers alikwenda mahakamani kutetea haki ya ubunifu wake, akashindwa, na mwaka 1971 kampuni yake ikafungwa.

Kumbe Volkswagen hilohilo lilikuwa na umaarufu mwingine huku kwetu, tena ulioanza mapema zaidi.

Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, wapenzi wa mbio za magari wa Nairobi walianzisha mashindano yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally. Hawakujenga uwanja wala kufunga barabara. Waliziacha njia zilivyo, na mvua za Aprili na Mei zilivyo. Volkswagen lilishinda mwaka 1954, likashinda tena mwaka 1957 na mwaka 1962. Injini yake ilikaa nyuma na kupozwa kwa hewa, hivyo hapakuwa na rejeta ya kutobolewa na jiwe, na uzito uliokandamiza magurudumu ya nyuma ulilisaidia kujikwamua kwenye tope. Sifa hizohizo ndizo zilizomvutia Meyers kwenye mchanga wake.

Gari la Safari Rally la miaka ya 1960 na 1970 linastahili kutazamwa polepole. Anzia mbele: ngao ya mabomba ya chuma, na nyuma ya ngao safu ya taa kubwa nne au zaidi, baadhi zikiwa na wavu wa waya kuzilinda na mawe. Tazama chini: bamba nene linalofunika injini yote, limechubuka na kupigwa nyundo lirudi sawa. Sasa zunguka nyuma, kwenye kitu ambacho mgeni hakielewi mara moja. Juu ya buti pana vishikio viwili vya chuma, na chini, kwenye bampa, pana mahali pa kukanyaga. Gari likinasa, msoma ramani alitoka, akapanda nyuma, akashika vishikio na kuanza kurukaruka kwa uzito wake wote ili matairi yapate kung'ata, dereva naye akikanyaga mafuta. Likishakwamuka halikusimama. Mtu aling'ang'ania palepale, tope likimrukia usoni, mpaka wafike kwenye ardhi ngumu. Hakuna mchoraji wa kiwandani ambaye angefikiria vishikio vile. Vililetwa na tope.

Ukali wa njia hizo haukuwa hadithi za baa. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza mashindano; mwaka 1968 yakamaliza saba tena, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 ambayo ilikwisha kutumika na kuchakazwa na wengine, akarudia mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Tanzania nayo ilikuwa na mtu wake: Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, akisomewa ramani na Chris Rothwell.

Hapo ndipo mtindo ulipoingia mitaani. Mwenye Peugeot yake ya kwenda kazini naye alitaka taa za ziada mbele, vizuia tope vikubwa nyuma ya magurudumu, na ikiwezekana namba iliyopakwa mlangoni. Taa nne kwa mtu anayetoka Dodoma mjini kwenda Kizota ni mbwembwe tu, lakini mbwembwe nazo ni sehemu ya historia.

Katikati ya miaka ya 1970 njia za Safari Rally zilibaki ndani ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Kati ya miaka hiyo ilikuja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikaadimika. Ulifika wakati magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Gari jipya likawa ndoto, na spea ikawa kitu cha kuagizwa kwa ndugu aliye safarini. Kwa mpenda magari, simulizi ingeweza kuishia hapa. Kwa fundi bodi, ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Kazi yenyewe ilikuwa na mizizi mirefu. Malori mengi ya Afrika Mashariki, Bedford na Leyland kwa mfano, yaliuzwa yakiwa injini, kebini na chesisi tupu. Bodi ilikuwa shauri la mnunuzi na fundi wake, Mhindi au Mwafrika, seremala na mchomeleaji. Fundi aliyeijua kazi hakuichomelea bodi moja kwa moja kwenye chesisi. Alilaza kwanza boriti mbili za mbao ngumu juu ya chesisi, akazibana kwa yubolti, kisha juu yake ndipo akasimamisha fremu. Gari likipita kwenye mashimo chesisi hujipinda; mbao hujipinda nayo na kurudi, chuma kilichochomelewa hupasuka. Baada ya fremu zilikuja mbao za ubavuni, bati, benchi, ngazi ya nyuma na keria. Mwisho aliitwa fundi rangi, na huyo alikuwa na madaraka yake. Jina la gari, mstari wa pembeni, simba, tai, ua, msemo wa dini au kijembe kwa wasiotajwa: mwenye gari alisema anachotaka, fundi akafanya anachokiweza.

Serikali ilikuwa imetaifisha usafiri wa mabasi wa Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka 1974 ikaugawa kwa mashirika mawili: UDA ibaki na jiji, KAMATA ichukue njia za mikoani. Mabasi hayakutosha. Mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria jijini, ndipo zilipotamba chai maharage: pikapu na vilori vidogo vilivyofungwa benchi mbili za kutazamana, mlango nyuma, konda akining'inia, abiria wakigusana magoti kutoka Kariakoo mpaka nyumbani. Wengi waliozipanda huzikumbuka kwa joto na msongamano, na wana haki. Lakini ukizitazama kama kazi ya mikono, hapakuwa na mbili zinazofanana. Moja ilikuwa na paa la mviringo la turubai, nyingine la bati lililonyooka. Hii madirisha ya mstatili, ile hayana madirisha kabisa.

Unguja walikwenda mbali zaidi kwa upande wa urembo. Magari ya mbao ya huko yalijengwa na watu wanaoishi katika mji wa milango ya nakshi, na jambo hilo linaonekana: nguzo za ubavuni zilizochongwa, tao juu ya kila uwazi, kijani na manjano na nyekundu, mapazia ya turubai yanayoteremshwa mvua ikianza. Upepo hupita ndani bila kizuizi, na kwa abiria anayetoka Darajani saa saba mchana hicho ni kitu cha maana kuliko kioo cha kiwandani.

Nairobi nayo ilishika njia ya kelele. Baada ya Rais Kenyatta kuziruhusu matatu mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni maalumu ya usafirishaji, pikapu zilizoezekwa bati ziliongezeka, na kufikia miaka ya 1990 matatu ilikuwa studio inayotembea: muziki, taa za rangi, sura za wanamuziki na wachezaji mpira zikiwa zimechorwa ubavu mzima. Mwaka 2004 kanuni za Waziri John Michuki zililazimisha mstari wa manjano, mikanda na vidhibiti mwendo, na michoro ikafutwa. Miaka kumi baadaye Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba vijana waachwe wachore. Nganya za leo, yaani matatu zilizorembwa, ni matokeo ya ruhusa hiyo.

Tanzania haikuhitaji waziri mkali. Soko lilipofunguliwa na magari yaliyotumika ya Kijapani yakaanza kumiminika bandarini, hasa katika miaka ya 1990, Toyota Hiace ilikuja na paa, viti, milango na vioo vyake. Mwenye fedha hakuwa na sababu ya kumlipa seremala. Kwa abiria hayo yalikuwa maendeleo, na anayezililia sana benchi za chai maharage pengine hakuwahi kukalia msumari wake. Hata hivyo kitu kimoja kilipotea: zamani mtu wa kituoni alilitambua gari la fulani kwa umbo likiwa bado mbali, ndani ya vumbi lake. Hiace moja na nyingine hutofautiana kwa stika ya kioo cha nyuma.

Katika vijiji vya Bahi na Manyoni ufundi ule haujafa. Umeshuka ngazi moja tu. Ekseli ya pikapu iliyokufa, magurudumu yakiwa bado yamefungwa, inawekewa fremu ya mbao au chuma, inaongezewa mti wa kuvutia, na inafungwa punda au maksai. Mkokoteni huo hubeba mpunga, maji, tofali na wagonjwa. Toyo za mizigo, yaani pikipiki za magurudumu matatu, nazo hupelekwa kwa mchomeleaji zingali mpya, zikaongezewa vyuma na mbao za ubavuni, maana zilivyotoka kiwandani haziuwezi mzigo wa huku.

Magari ya Safari Rally yamepata watunzaji wake. Tangu mwaka 2003 East African Safari Classic Rally huyarudisha barabarani, na katika baadhi ya miaka msafara wake umeingia hadi Tanzania. Björn Waldegård, aliyeshinda Safari ya mwaka 1977, alikuja kushinda na hii ya wakongwe mwaka 2007 na 2011. Bodi za mbao hazina wafadhili wa kiwango hicho. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yanatunza Rolls-Royce iliyowabeba magavana wa Kiingereza na baadaye Mwalimu Nyerere. Kando ya gari hilo ingefaa isimamishwe chai maharage moja, na benchi zake mbili na ngazi yake ya nyuma, bila kupakwa rangi upya, na watoto wa shule waruhusiwe kupanda na kukaa.