Mafunzo ya urubani nchini Marekani
Mafunzo ya urubani nchini Marekani hufuata mojawapo ya njia mbili zilizowekwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo: Sehemu ya 141 ya kanuni, inayoifunga shule kwenye mtaala ulioidhinishwa na majaribio ya kila hatua, na Sehemu ya 61, inayomwachia mkufunzi kupanga masomo kulingana na nafasi ya mwanafunzi. Leseni ya rubani binafsi hudai angalau saa 35 za kuruka katika njia ya kwanza na 40 katika ya pili, tofauti isiyo na uzito mkubwa, kwani wanafunzi wengi huvuka viwango vyote viwili. Katika leseni ya rubani wa kibiashara, hata hivyo, pengo kati ya saa 190 na 250 huonekana wazi kwenye gharama.