Nani alisema hesabu ni za Wahindi?

Leo programu tuziweke kando kidogo.

Mimi huandika programu hapa Mkomani, na kuna usemi nausikia sana kwa vijana wanaotaka kuanza kazi hii: "Hesabu ni za Wahindi, si zetu." Jamani! Usemi huo una historia, tena yenye tarehe.

Mwaka 1909 Profesa Nelson Fraser aliishauri serikali ya kikoloni kuhusu elimu. Kwa Mwafrika alipendekeza mafunzo ya kazi za mikono. Shule zikagawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, na hapa Mombasa Waarabu nao wakawa na yao.

Halafu tazama mwaka 1942. Elimu ikawa lazima kwa watoto wa Kizungu, na kwa wavulana wa Kihindi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mtoto wa Kiafrika hakutajwa. Yaani katika mji huu mmoja, sheria ilimshika mkono mvulana mmoja ikamkalisha darasani, na jirani yake ikampita. Baada ya miaka 20 ya mpango kama huo, nani atajua aljebra zaidi? Hapo hakuna siri ya damu. Ni hesabu ya madawati.

Kwa lugha ya kazi yangu, ile ilikuwa programu yenye sharti: kama rangi ni hii, mpe somo hili. Baada ya uhuru wa 1963, Tume ya Ominde ilipendekeza mfumo mmoja wa elimu kwa taifa zima, na sharti la rangi likafutwa.

Lakini masharti hurudi kwa majina mengine. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba hesabu itakuwa lazima katika sekondari ya juu, ila kwa aina mbili: ya kina kwa wanaofuata sayansi na teknolojia, na nyepesi kwa wengine. Si vibaya, kama mtoto mwenyewe ndiye anayechagua. Je, kama shule iliyo karibu naye haina maabara wala mwalimu wa hesabu wa kutosha, ni nani aliyechagua?

Wazazi wa Kisauni na Nyali, kaulizeni shuleni: mtoto wangu anafunzwa hesabu ipi, na kwa nini? Ulizeni mapema, maana usemi wa "si zetu" huzaliwa hapo.