Sindano ya Shaba na Tunda la Mkoma: Mambo Madogo Yasiyoelezwa katika Utendi wa Fumo Liyongo

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu, hebu tuanze na swali ambalo yamkini umewahi kuulizwa darasani. Kwa nini Fumo Liyongo, shujaa asiyeumizwa na mshale wala mkuki, aliuawa kwa sindano ya shaba? Kwa nini isiwe ya chuma? Na kwa nini kitovuni? Utendi hausemi. Shujaa anamfichulia mwanawe siri hiyo, kijana anaipeleka kwa mfalme, sindano inapatikana, shujaa anachomwa usingizini, na masimulizi yanasonga mbele kana kwamba kila msikilizaji anaijua sababu.

Mimi niliulizwa swali hili katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, hapa Nawoitorong, nje kidogo ya mji wa Lodwar. Aliyeuliza ni msichana wa kidato cha tatu. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya mighani, asome mbele. Katika mtihani wa mwisho wa muhula aliandika aya nzima akijaribu kueleza maana ya shaba, nami nikaikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Haimo kitabuni." Kwa kweli haikuwamo. Lakini niliposoma zaidi niligundua kwamba swali lake lina historia ndefu kuliko nilivyodhani, na kwamba watu waliolihangaikia ni wengi.

Tuiangalie historia hiyo. Masimulizi ya Liyongo yalikuwa midomoni mwa watu wa pwani, hasa Pate, Lamu na maeneo ya mto Tana, kwa karne nyingi kabla ya kupigwa chapa. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyeishi Unguja, alichapisha huko London mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili, mojawapo ikiwa hadithi ya Liyongo kwa lugha ya nathari. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa, malenga na mwandishi wa hati wa Lamu, aliyatunga masimulizi hayo kwa mtindo wa utendi. Huo ndio utendi ambao wengi wetu tunaufahamu, hasa baada ya Profesa M. M. Mulokozi kuuhariri katika kitabu cha Tenzi Tatu za Kale kilichotolewa na TUKI mwaka 1999. Mwaka 2004 ukatoka huko Ujerumani mkusanyiko mkubwa wa nyimbo zinazohusishwa na Liyongo mwenyewe, uliohaririwa na Gudrun Miehe na wenzake.

Ukiyaweka masimulizi ya 1870 na ya 1913 ubavu kwa ubavu, utaona tofauti si haba. Liyongo wa Steere anawaudhi watu wa mji mpaka wanachoka naye. Liyongo wa Kijumwa ni shujaa anayeonewa wivu na mfalme wa Pate, Daudi Mringwari, anayehofia kiti chake. Hata kuhusu muuaji wasimulizi hawakubaliani: wengine humtaja mwana, wengine mpwa, na tofauti hii si ndogo mahali ambapo urithi uliwahi kufuata upande wa mama. Wakati alioishi shujaa nao unabishaniwa, na tarehe za wataalamu zinapishana kwa karne kadhaa. Lakini sindano ya shaba na kitovu havibanduki. Jambo ambalo hakuna msimulizi anayelieleza ndilo ambalo hakuna msimulizi anayethubutu kuliacha. Kwangu mimi hiyo ni dalili kwamba si pambo, na kwamba msichana yule aliuliza mahali penyewe.

Kabla sijarudi kwenye sindano, niruhusu nikupitishe kwenye tukio jingine, maana ndilo lililonifundisha namna ya kusoma mambo haya. Ni tukio la makoma. Wenye njama wanamwalika Liyongo katika kikoa, yaani kula kwa zamu, kila mmoja akitoa cha kwake siku yake. Wanakubaliana kula makoma, na kila mtu apande mkoma kwa zamu yake na kuwaangushia wenzake matunda. Zamu ya Liyongo ikifika na akiwa juu ya mti, wote watamlenga kwa mishale. Liyongo anaitambua hila. Zamu yake inapofika hapandi. Anachukua upinde wake na kuyaangusha makoma kwa mishale akiwa chini.

Nilikuwa nimefundisha kisa hiki mara kadhaa nikikieleza kama mfano wa ushujaa na werevu, basi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini makoma na si maembe au matunda mengine. Wanafunzi wangu hawakuhitaji kujiuliza. Mikoma imepanga mstari kwenye kingo za Turkwel, Waturkana huiita eng'ol, matunda yake huliwa na makuti yake husukwa vikapu. Mvulana mmoja alisimama akatueleza kwamba mkoma ni mrefu, shina lake ni tupu kwa kimo kikubwa, na anayeupanda hulikumbatia shina kwa mikono miwili. Hawezi kushika upinde. Hawezi kujikinga. Hawezi hata kuruka bila kuvunjika. Kwa hiyo njama haikuwa tu kumpata Liyongo juu ya mti, bali kuitia mikono yake kazini. Akaongeza kwamba kikonyo cha koma ni kigumu, hivyo anayeliangusha kwa mshale ni mlengaji hasa, na wale waliokuwa chini wakitazama walipata ujumbe wao bila kuambiwa neno.

Hebu fikiria: mtoto wa Lodwar, mamia ya kilomita kutoka Pate, alieleza jambo ambalo Kijumwa hakulieleza kwa sababu kwa msikilizaji wake wa Lamu halikuhitaji maelezo. Pengo hilo halikuwa katika utendi. Lilikuwa kwangu mimi, niliyekulia mahali pasipo mikoma.

Mambo mengi tunayoyaona kuwa mafumbo ni ya namna hii. Msikilizaji wa zamani alijua kikoa ni nini, alijua ngoma ya gungu inavyochezwa na kelele zake zinavyoweza kufunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Mkate wa wishwa alioupeleka mjakazi Saada, wenye tupa ndani yake, nao haukumshangaza: walinzi walizoea kujilia chakula kizuri na kumwachia mfungwa kisichowavutia, naye mama Mbwasho aliitumia tamaa yao. Mwalimu anaweza kuyajaza mapengo haya kwa kuuliza, kwa kusoma na kwa kuwasikiliza wanafunzi wake.

Sindano si ya namna hiyo. Hapa ujuzi wa mazingira hautoshi. Wapo wanaolipitia jambo hili haraka kwa kusema ni motifu ya udhaifu wa shujaa, kisha wanataja nywele za Samsoni, kisigino cha Achilles wa Wayunani na kivuli cha Lwanda Magere wa Waluo. Ni kweli, na mtahiniwa afahamu mifano hiyo. Lakini motifu inatuambia kwamba lazima pawe na mahali pa udhaifu. Haituambii kwa nini ni kitovu na si kisigino.

Tujaribu basi kukaa ndani ya maandishi yenyewe. Chuma kilijaribiwa kwa Liyongo. Alifungwa kwa minyororo akaikata. Anayesikiliza utendi kwa makini amekwisha kujua kwamba chuma hakimwezi. Shaba ni laini kuliko chuma, ni madini ya mapambo zaidi kuliko ya vita, na sindano ni chombo kidogo cha nyumbani. Kitovu nacho ndipo mtoto alipofungamana na mamake. Aliyemwokoa Liyongo gerezani ni mamake, kwa mkate wa jikoni. Aliyemwua ni damu yake mwenyewe, kwa sindano, mahali pa mama. Usomaji huu unatokana na mpangilio wa visa, na yeyote anaweza kuukagua kwa kuufungua utendi.

Waweza kwenda mbali zaidi na kukumbuka kwamba pwani ya Waswahili shaba ilikuwa na heshima ya kiutawala: masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba, na siwa maarufu ya Lamu, iliyopigwa katika hafla za wakubwa, ni ya shaba. Je, mfalme anaua kwa madini ya ufalme? Wazo linavutia, nami nimelipenda tangu liliponijia. Ila sina ushahidi kwamba Kijumwa au waliomtangulia walilikusudia. Naliita dhana, na mwanafunzi wangu akiliandika nataka aliite hivyo.

Hapo ndipo penye tofauti kati yetu na wasomaji wa tendi za kubuniwa za siku hizi. J. R. R. Tolkien wa Uingereza alipochapisha The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955, wasomaji walianza kumwandikia barua wakiulizia vijambo alivyovitaja na kuviacha. Mwezi wa Aprili 1954, kabla hata kitabu hakijatoka, alimjibu mwandishi Naomi Mitchison aliyekuwa amekisoma katika kurasa za majaribio. Alikiri kwamba kuhusu paka wa Malkia Berúthiel, wanaotajwa mara moja tu, hakuwa na hadithi yoyote nyuma yao. Kuhusu Tom Bombadil, mzee wa msituni ambaye pete ya uchawi haimtii chini ya nguvu zake, alisema alimwacha fumbo kwa makusudi. Barua hizo zilichapishwa mwaka 1981, na ubishi haukuisha. Kijumwa alifariki mwaka 1945, wala hata angekuwa hai tusingepata jibu la mwisho kwake, kwa kuwa sindano aliipokea kama sisi tulivyoipokea.

Nawe mtahiniwa utauliza: niandike nini basi? Kwanza sema utendi unasema nini. Kisha sema usichoambiwa: "utendi haufafanui sababu." Halafu toa maoni yako ukiyafungia kwenye tukio fulani ndani ya matini. Usiandike "shaba inaashiria ufalme" kana kwamba umeambiwa na Liyongo mwenyewe, na usiandike "ni hadithi tu" kama nilivyofanya mimi. Ninyi walimu, msahihishapo aya ya aina hii, tazameni kama mwanafunzi ametenganisha matini na dhana yake. Akitenganisha, mpeni haki yake.

Msichana yule alikuwa amekwisha kuondoka shuleni nilipoyafahamu haya, na karatasi yake sikuweza kuirekebisha. Wanaofuata nawapa zoezi la karibu na nyumbani. Mighani ya Waturkana husimulia jinsi vijana wa Kijie walivyomfuata maksai aliyepotea hadi bonde la Tarach, mto uleule unaopita Kakuma, na huko wakamkuta mwanamke mzee, Nayece, akichuma matunda mwitu. Kutokana na makutano hayo watu walihamia nchi hii. Nawauliza: Nayece alikuwa akifanya nini peke yake mbali na kwao?

Mwanafunzi mmoja kutoka Kakuma alinijibu kwa kurasa mbili. Alitaja ukame, alitaja ugomvi wa kifamilia, alitaja wajane anaowafahamu kambini waliotangulia peke yao kutafuta pa kukaa. Chini kabisa akaandika kwamba mighani haisemi, na kwamba yeye anaegemea ukame kwa sababu mwanamke huyo alikutwa akichuma matunda, hakukutwa akichunga. Nilimpa alama kumi na nane kwa ishirini. Mbili nilizitoa kwa tahajia.