Anthony Johnson na Ukoo Wake, Virginia na Maryland

Jina la kwanza katika ukoo huu ni Antonio, Mwafrika aliyefikishwa Virginia mwaka 1621 na kutumikishwa kwenye shamba la tumbaku. Mwaka uliofuata aliletwa Mary, ambaye baadaye akawa mkewe. Hawakuacha barua wala picha. Watafiti wa nasaba huwafuata kupitia hati za ardhi, orodha za kodi na madaftari ya mahakama ya kaunti ya Northampton, Virginia, yaliyohifadhiwa tangu 1632.

Mwaka 1651 Antonio, sasa Anthony Johnson na mtu huru, anaandikiwa ekari 250: ekari 50 kwa kila mmoja wa watu watano waliodaiwa kuletwa kwa gharama yake. Mwaka 1653, baada ya moto kuwaunguzia mali, mahakama inamsamehe Mary na binti zao wawili kodi ya kichwa maisha yao yote. Madaftari hayohayo yanaonyesha kuwa Johnson naye alimmiliki Mwafrika mwenzake, John Casor. Ni jambo chungu, lakini ni sehemu ya historia ya ukoo huu.

Johnson alihamia Maryland na kufariki huko mwaka 1670. Mwaka huohuo jopo la mahakama Virginia liliamua ardhi yake ichukuliwe na serikali ya koloni, kwa hoja kwamba alikuwa mweusi, kwa hiyo mgeni. Mwaka 1677 mjukuu wake, John, alinunua ekari 44 Maryland na kuliita shamba lake Angola.