Mtia Makaa na Jina Lililopotea

Katika ukoo wetu hapa Tangini, Kibaha, wazee husimulia kwamba babu wa babu yangu alikuwa mtia makaa melini. Simulizi hiyo ina historia pana. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 meli za mvuke za kampuni ya British India zikaanza kupeleka barua kati ya Aden na Zanzibar. Kila meli ilihitaji watu wa kulisha tanuri.

Manowari za Uingereza nazo ziliwaajiri Waafrika, wakiwemo waliokombolewa utumwani, zikawaita “Seedie” na kuwapa kazi ya kuchochea moto chini ya sitaha. Baadhi yao wamezikwa Simon's Town, Afrika Kusini.

Wengi waliandikwa daftarini kwa majina ya mzaha waliyobandikwa na mabaharia. Kwa hiyo, mjukuu anayepekua nyaraka hukuta kejeli ya mwajiri mahali pa jina la babu yake. Jina halisi, ukoo na kijiji vimehifadhiwa vinywani mwa wazee. Tuwaulize na tuandike sasa, kwani wakizikwa wao, daftari la mwajiri ndilo litakalobaki shahidi pekee.