Ari na Msaada wa Jamii katika Kupunguza Mafuta ya Mwili

Kupunguza mafuta ya mwili ni kuufanya mwili utumie akiba ya nishati uliyoiweka katika tishu za mafuta, chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya tumboni, kwa kula nishati pungufu kuliko ile inayotumika kila siku. Kilo moja ya tishu hiyo hukadiriwa kubeba kilokalori 7,700, kwa hiyo anayepunguza kilokalori 500 kwa siku atahitaji zaidi ya wiki mbili kuimaliza, na mwenye kilo 10 za kupungua atahitaji miezi mitano au zaidi, hata kabla ya kuhesabu sikukuu, safari, misiba na maradhi. Urefu huo wa muda ndio unaoifanya kazi yenyewe kuwa ngumu. Kanuni za mlo zinafahamika, na hazitofautiani sana kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Kinachotofautiana ni muda ambao mtu huzifuata, na muda huo hutegemea mambo mawili yanayojadiliwa hapa: ari, yaani msukumo unaomfanya mtu aanze jambo na kulishikilia, na msaada, yaani yale yote ambayo watu wanaomzunguka huyafanya, huyasema au huacha kuyasema ili ashikilie.

Anayelegea baada ya miezi michache husemwa kuwa mvivu au hana msimamo, naye mara nyingi ndiye wa kwanza kujihukumu hivyo. Elimu ya fiziolojia haiungi mkono hukumu hiyo. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York ilitangaza ugunduzi wa leptini, homoni inayotolewa na chembe za mafuta zenyewe kuuarifu ubongo kiasi cha akiba kilichopo. Akiba ikipungua leptini hushuka, ubongo hulichukulia jambo hilo kuwa ni dalili ya njaa, na hamu ya kula hupanda. Watafiti wa Melbourne waliochapisha matokeo yao mwaka 2011 waliwaandikisha watu 50 katika mlo mkali wa wiki 10, wakakuta kwamba mwaka mmoja baadaye leptini ilikuwa bado chini, na ghrelini, homoni ya tumbo inayoamsha njaa, bado juu kuliko kabla ya kuanza. Zamani zaidi, katika jaribio la njaa la Chuo Kikuu cha Minnesota lililoongozwa na Ancel Keys mwaka 1944 na 1945, vijana 36 wenye afya njema walioishi kwa takriban nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita walifikia hali ya kusoma vitabu vya mapishi kama burudani. Vijana hao walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri, na ni vigumu kuwaita watu wasio na msimamo.

Adui mwingine wa ari ni mizani isiyoeleweka. Ini na misuli huhifadhi glikojeni, aina ya wanga ambayo kila gramu yake hushikana na takriban gramu tatu za maji. Mtu anapopunguza ugali, wali na chapati kwa ghafla, akiba hiyo hutumika kwanza, maji yake hutoka, na mizani huweza kushuka kwa kilo mbili katika wiki ya kwanza. Furaha ya wiki hiyo hulipwa katika wiki ya tatu, mizani inaposimama au kupanda, ilhali mafuta yanaendelea kupungua taratibu kama hesabu inavyodai. Chumvi, hedhi na mlo mzito wa jioni huweza kuongeza kilo moja usiku mmoja pasipo mafuta kuongezeka kwa kiasi cha maana. Ndiyo maana washauri wengi hupendelea wastani wa wiki kuliko kipimo cha siku moja, na huongeza kipimo cha kiuno kwa futi kamba, kwa kuwa kiuno huweza kupungua katika kipindi ambacho mizani haisogei. Maelezo sahihi yanayotolewa mapema ni msaada wa bei nafuu kuliko yote, na ndiyo yanayosahauliwa mara nyingi zaidi.

Katika saikolojia, ari hugawanywa kwa kuangalia chanzo chake. Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester, walioitoa nadharia ya kujiamulia katika kitabu chao cha mwaka 1985, walitofautisha ari ya hiari, ambayo mtu huifuata kwa sababu lengo amelikubali kuwa lake, na ari ya kushurutishwa, inayotokana na kuogopa lawama au kutafuta sifa. Utafiti wa mwaka 1996 uliowafuatilia wagonjwa 128 waliokuwa katika mpango wa mlo wa nishati kidogo ulionyesha kwamba wale wenye ari ya aina ya kwanza walihudhuria zaidi, walipungua zaidi, na walilinda zaidi walichopunguza miezi 23 tangu kuanza. Anayepungua ili gauni la arusi ya Desemba limkae vizuri ana ari kali kweli, ila ari hiyo huisha Januari.

Katika Afrika Mashariki ari hukutana na kikwazo kinachotokana na maana ya mwili wenyewe. Kwa vizazi vingi unene umekuwa ishara ya kushiba, ya ndoa yenye utulivu na ya kazi inayolipa. Kumwambia mtu kwamba amenawiri bado ni pongezi, na kitambi cha mwanamume huweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya heshima yake. Kukonda hufasiriwa kuwa ni maradhi, dhiki au mawazo. Fasiri hiyo ilizidi kutisha katika miaka ya 1980, UKIMWI ulipoenea kuzunguka Ziwa Viktoria: nchini Uganda ugonjwa huo uliitwa “slim”, neno la Kiingereza la wembamba, na jina hilohilo ndilo lililotumika katika taarifa ya mwaka 1985 ya jarida la kitabibu The Lancet kuhusu wagonjwa wa huko. Hivyo mwanamke aliyepungua kilo nane kwa juhudi zake mwenyewe anaweza kupokewa kijijini kwa swali la “Mbona umekonda hivyo, unaumwa?”, na mumewe akaulizwa kwa upole kama nyumbani kuna amani. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ulikuta kwamba uzito uliozidi ulikuwa umewafikia asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania katika mwaka 2015 na 2016, na asilimia 33 nchini Kenya mwaka 2014. Kwa hiyo swali hilo huulizwa katika nyumba nyingi.

Desturi za mezani nazo zina sehemu yake. Familia inayokula pamoja kutoka sinia moja haina njia rahisi ya kujua nani amekula kiasi gani, na mgeni anayekataa kuongezewa pilau huonekana amekidharau chakula au mpishi. Suluhisho linalofaa huwa ni la adabu kuliko la sayansi: kumweleza mwenyeji mapema, kujipakulia sahani yako, kuanza na mboga na maharage, au kutaja agizo la daktari, sababu ambayo hata mama mkwe huiheshimu. Mtu anayepika nyumbani ndiye mwenye ufunguo mkubwa zaidi. Akipunguza mafuta katika sufuria ya wote na sukari katika birika la wote, mhusika hahitaji kupambana na hamu mara tatu kwa siku. Akimpikia yeye peke yake chakula cha “mgonjwa” huku wengine wakila wali wa nazi, msaada umegeuka adhabu.

Msaada uliopangwa katika vikundi una historia inayojulikana vizuri, na historia hiyo inaanzia Marekani. Esther Manz alianzisha mjini Milwaukee mwaka 1948 chama cha TOPS, ambacho wanachama wake walipimwa uzito na kutiana moyo katika mikutano ya kila wiki. Aliyeipa njia hiyo umaarufu wa dunia ni Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, New York, aliyekuwa na uzito wa kilo 97 alipokwenda mwaka 1961 katika kliniki ya unene ya idara ya afya ya jiji. Mlo aliopewa ulikuwa mzuri na wa bure, naye alianza kupungua. Alichoshindwa ni kumkiria mhudumu wa kliniki kwamba nyumbani bado alikuwa akila biskuti kwa siri. Aliwaita marafiki sita sebuleni kwake, akawakiria wao, nao wakakiri ya kwao. Baada ya miezi michache watu walikuwa wengi kuliko viti, na mwaka 1963 kampuni ya Weight Watchers ikaandikishwa. Mlo uliotumika ulitokana na ule wa kliniki ya jiji, ambao tayari ulikuwepo kwa yeyote aliyeutaka. Nidetch aliongeza mahali ambapo biskuti zingeweza kutajwa bila mtu kuaibishwa, na mahali hapo palitosha kuanzisha biashara ya dunia nzima.

Ushahidi wa kitafiti ulikuja baadaye. Rena Wing na Robert Jeffery waliwachunguza watu 166, baadhi wakijiunga peke yao na baadhi wakija na marafiki watatu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999. Waliokuja peke yao na kupewa mafunzo ya kawaida walimaliza mafunzo ya miezi minne kwa asilimia 76, na asilimia 24 tu yao walilinda uzito wote waliopunguza hadi mwezi wa kumi. Waliokuja na marafiki na kupewa mazoezi ya kusaidiana walimaliza kwa asilimia 95, na asilimia 66 yao walilinda walichopunguza. Utafiti wa Nicholas Christakis na James Fowler wa mwaka 2007, uliotumia kumbukumbu za miaka 32 za watu 12,067 wa mji wa Framingham, Marekani, na jamaa zao, ulidai kwamba uwezekano wa mtu kunenepa kupita kiasi huongezeka kwa asilimia 57 rafiki yake anaponenepa. Dai hilo lilipingwa na wanatakwimu waliosema kwamba ndege wa mbawa moja huruka pamoja tangu mwanzo, na hoja yao ina nguvu. Matokeo ya Wing na Jeffery, waliowapa watu mafunzo tofauti na kuyalinganisha, yanastahili kuaminiwa zaidi.

Vikundi vya Afrika Mashariki vimejengwa zaidi juu ya mazoezi kuliko juu ya mlo. Klabu za jogging za Dar es Salaam na Zanzibar hukimbia alfajiri za mwisho wa wiki kwa nyimbo na fulana za rangi moja. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais wa Tanzania, alitaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Na Kigali ilianza mwaka huohuo kufunga baadhi ya barabara kwa magari siku maalumu ili watu watembee na kukimbia. Faida yake kwa moyo, sukari ya damu na urafiki haina shaka. Kwa mafuta ya mwili faida ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, hasa pale mbio zinapoishia kwenye supu ya mbuzi na chapati mbili, ambazo huweza kurudisha nishati yote iliyotumika barabarani na ziada juu yake.

Fedha pia hutumika kama kichocheo. Katika jaribio la Philadelphia lililochapishwa mwaka 2008, watu 57 waligawanywa katika makundi matatu. Walioweka fedha zao wenyewe ambazo zingepotea wasipofikia lengo walipungua zaidi ya kilo 6 kwa wiki 16, waliochezeshwa bahati nasibu karibu kilo 6, na wasio na kichocheo chini ya kilo 2. Malipo yalipokoma, sehemu kubwa ya uzito ilirudi. Wanaofikiria kuiga upatu kwa kuchangishana fedha za kupungua wangefanya vizuri kukumbuka kwamba upatu hudumu kwa sababu zamu hurudi, na kwamba washiriki wake huaibika mbele ya majirani, si mbele ya mizani.

Msaada hutofautiana na ulinzi. Anayehesabu vitumbua vya mwenzake, anayeuliza uzito mbele ya wageni, au anayetania ili “kumchangamsha”, huzalisha ile ari ya kushurutishwa iliyotajwa juu, na mara nyingi huzalisha ulaji wa siri. Hatari huwa kubwa zaidi baada ya kuteleza. Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, aliyewachunguza watu walioacha pombe, alionyesha kwamba kosa dogo hugeuka anguko pale mtu anapolisoma kuwa ni ushahidi wa udhaifu wake. Karamu moja ya Idi haiharibu kazi ya miezi miwili, lakini imani kwamba imeiharibu huweza kuiharibu. Mwenzi anayefaa siku hiyo ni yule anayeandaa kifungua kinywa cha kawaida kesho yake bila kusema neno.

Wajawazito, wanaonyonyesha, wanaotumia insulini na wenye historia ya matatizo ya ulaji hawapaswi kuachiwa kikundi peke yake, bali huhitaji daktari au mtaalamu wa lishe. Kwa watu walio karibu kupata kisukari cha aina ya 2, mpango wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye washiriki 3,234, ulipunguza ugonjwa huo kwa asilimia 58 kwa lengo la kupungua asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, wakati dawa ya metformini iliupunguza kwa asilimia 31. Kila mshiriki wa mpango huo wa mtindo wa maisha alikuwa na mshauri wake na masomo 16 ya ana kwa ana.

Kipindi kigumu zaidi huanza lengo linapofikiwa, kwa sababu pongezi hunyamaza na kikundi hutawanyika wakati ambapo homoni bado zinadai chakula. Daftari la Marekani la waliofanikiwa, lililofunguliwa mwaka 1994 kwa watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kuilinda hali hiyo kwa mwaka mmoja, linaonyesha kwamba robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki, na asilimia 90 hufanya mazoezi kwa wastani wa saa moja kwa siku. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2008, liliwafuatilia watu 1,032 waliokwisha kupungua: walioachwa wajiongoze walirudisha kilo 5.5 katika miezi 30, na waliozungumza na mshauri mara moja kwa mwezi, mara nyingi kwa simu ya dakika 5 hadi 15, walirudisha kilo 4.