Mtoto wa paka aliyetolewa kwa mama mapema: namna ya kumzoeza watu

Hapa Bukavu wengi wanachukua paka juu ya panya, tena akingali mdogo sana. Afazali abaki na mama hadi majuma 8 ao zaidi. Akiwauma ndugu zake kwa nguvu, wanaacha kucheza naye; ndivyo anajifunza kupima meno.

Aliyetolewa mbele ya hapo, ni nyumba itamfundisha. Majuma 2 hadi 7 ndiyo wakati wa kuzoea watu: wakubwa na watoto wamshike polepole, kila siku kidogo. Kumfunga jikoni siku nzima kunamfanya mwoga tu. Asicheze na mkono wako, mpe kitambaa. Akiuma, acha mchezo, usimpige.

Akikutoboa ngozi, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya: kichaa cha mbwa kinapitia paka pia.